Dada Yetu Koleo na Ufukwe Uliofungwa

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi kitinda mimba wa nyumba yetu, kuwasimulia maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Koleo.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1969, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la baba yetu, fundi cherehani, akamaliza shule ya msingi mwaka 1983 na sekondari mwaka 1987, kisha mwaka 1990 akaajiriwa idara ya usafi ya manispaa, alikopanda hadi kuwa msimamizi wa wasafishaji wa ufukwe. Tarehe 14 Agosti 1993 aliolewa na shemeji yetu, fundi seremala, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2020 janga la korona lilipoingia, ufukwe ulifungwa, mchanga ukawa safi kama shuka jipya, hadi mvua ziliponyesha na mfereji wa mjini ukaanza kutapika barakoa, glavu na makasha ya chakula moja kwa moja baharini. Wasafishaji waligoma, mmoja akamwambia wazi, "Bosi, mate ya watu sishiki, nina watoto," naye akajibu, "Hata mimi ninao, simlazimishi mtu," akachukua koleo la kushikia makaa jikoni kwake, akashuka peke yake, na jina likamganda.

Nyumbani hali ilichafuka, shemeji akamkataza kushuka ufukweni, dada alipokaidi akamhamishia godoro karakana, mabinti wakawa wanamwachia sahani mlangoni na kurudi mbio, mume na mke hawasemezani, hadi asubuhi moja ya mvua kubwa shemeji alipotokea mferejini na fremu ya mbao aliyoigongomea wavu, wakaitega mdomoni pa mfereji. Takataka zikajaa kupita kiasi, maji yakaanza kurudi kwenye nyumba za watu, dada akaingia hadi kifuani kuichomoa fremu, kamba za barakoa zikamnasa miguu, akazama, na shemeji akaruka akamvuta kwa nywele.

Wiki ileile aliugua, vipimo vikaonyesha ni ugonjwa wenyewe, akalazwa kwenye oksijeni, akapona, na aliporudi kazini aliwakuta wenzake wote wako mchangani, lakini mapafu yake hayakurudi kama zamani, nayo ndiyo yaliyomshinda tarehe 2 Juni 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wasafishaji mliombeba leo. Shemeji ameshindwa kusimama, ameniomba nimsemee, kwamba alipokukataza, dada, hakuwa akiuogopa ugonjwa, alikuwa akiiogopa siku hii.

Dada, pumua sasa, upumzike kwa amani.