Nyuzi za Felista Haziguswi

Kijiwe cha Bodi kipo Kyela mjini, pale barabara ya kwenda Ipyana inapoyaacha maduka, kati ya karakana ya Tuntufye na sakafu ya saruji ambapo wanunuzi huanika kakao. Benchi lenyewe ni ubao ambao Tuntufye aliukata kwa ajili ya jeneza, ukapungua vidole viwili. Marehemu alikuwa mrefu kuliko ndugu zake walivyokumbuka. Kwa kuwa majeneza yamemlisha kuliko milango, watu humwita Sanduku. Mwenye birika ya kahawa ni Angetile, mwimbaji wa kwaya ya akina mama. Gwamaka wa bodaboda huitwa Kapteni, kwa sababu aliwahi kupakia mizigo uwanja wa ndege kwa miezi mitatu, na tangu hapo hajazungumza jambo lolote bila kulipitisha angani. Jumatano hiyo ya Oktoba, saa kumi jioni, harufu ya siki ya kakao ikiwa imetanda, Mwalimu Lazaro alifika akiwa amebeba gita la marehemu mkewe, Felista, akaketi, akalilaza magotini ndani ya mfuko wake. Zipu ilikuwa imefungwa.

— Kesho napanda ndege, alisema. Binti yangu Neema anabatiza mtoto Jumapili, huko Mwanza. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulimpa yeye gita, nami nikalikalia. Sanduku, nataka kitu cha kulisafirishia lisivunjike.

Hakueleza zaidi. Jumamosi ya mwisho ya Februari Felista alikaa barazani akazikaza nyuzi hizo moja moja, kwa sikio lake, si kwa kitabu. Katika kwaya nzima hakuna mwingine aliyeweza kuliweka sauti namna ile. Akalifunga mfukoni kwa ajili ya ibada ya kesho yake. Asubuhi presha ilimwangusha akiwa amevaa kiatu kimoja, na Jumatatu alikuwa hayupo. Karibu miezi minane sasa Mwalimu hakuwa ameigusa zipu. Humo ndani, aliamini, kulikuwa na kazi moja ya mkono wa mkewe ambayo bado haijaondolewa na mtu.

— Pole ya safari, Mwalimu, alisema Kapteni. Sasa nisikilize mimi niliyekuwa jikoni. Ukifika pale mbele watakwambia, baba, hili ni refu, haliingii ndani na abiria, lipeleke chini. Na chini huko, gwe, kuna baridi ya Kitulo mara kumi.

— Umewahi kupanda humo chini? aliuliza Angetile.

— Nimeingiza mikono.

— Ndege ikiwa imesimama.

— Baridi inabaki, mama. Inabaki kama harufu ya samaki kwenye gunia. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Walikuwa wanasema uvungu wa ndege.

— Hiyo methali umeipakia kama mlivyokuwa mnapakia masanduku ya watu.

Kapteni alikunywa, akaweka kikombe chini. Hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

— Kuna jambo kubwa kuliko baridi. Hewa. Juu kule hewa ya nje ni nyembamba, na hii ya Kyela iliyo tumboni mwa gita ni nene. Inavimba, linapasuka. Dawa yake ni mchele. Unamimina kwa lile tundu, kilo tatu, nne, hewa inakosa pa kukaa. Mwanza unashuka na gita na mchele wa nyumbani.

— Na panya, alisema Sanduku.

Sanduku alikuwa mtu wa kazi na hakupenda nadharia. Alitoa futi mfukoni, akaivuta kidogo, akaiachia.

— Mimi nalitengenezea kasha leo hii. Mbao nyepesi, ndani sponji, mapengo nayajaza pumba za mpunga. Urefu kama mita moja na robo. Huku chini pana, huku juu linapungua, hivi.

Mikono yake ilichora hewani, ikafika juu, ikasimama. Wote waliona kilichochorwa.

— La mtoto, alisema Angetile polepole.

— Umbo ni umbo tu. Lile nililokutengenezea, Mwalimu, lilikupa shida yoyote?

— Halikunipa shida, alisema Mwalimu. Lilikaa sawa. Hata vishikio.

Pikipiki mbili zilipita. Kapteni aliyafuata mavumbi yake kwa macho mpaka yakatulia, na wazo likawa limemjia.

— Sasa hapo ndipo penyewe. Sanduku atengeneze, na juu yake tuandike MAREHEMU. Msicheke. Mzigo wa kawaida tulikuwa tunaurusha, siwafichi. Televisheni ya mtu tuliirusha. Maiti hatukurusha hata siku moja. Tulimpakia wa mwisho, tukamshusha wa kwanza, kwa mikono miwili, kofia tumevua. Hili gita likienda kama maiti, litafika zima.

— Watataka cheti cha kifo, alisema Sanduku, kwa uzito, kama mtu anayeuliza bei ya misumari.

— Si Mwalimu anacho.

Angetile alimtazama Kapteni mpaka Kapteni akajishtukia.

— Nisamehe, Mwalimu. Mdomo umenitangulia.

— Ninazo nakala sita, alisema Mwalimu. Walinishauri nitoe nyingi.

Kwa kuwa kijiwe hakivumilii kimya, Kapteni alirudi kwenye jambo la pekee alilolijua kwa hakika. Safari hii alizungumza taratibu, bila madaha.

— Niliyosema yote yaacheni. Hili moja si la kubuni. Nyuzi zilegezwe. Shingo ya gita inavutwa saa zote, mchana na usiku. Hapo hapo ikipigwa baridi, halafu mtu aliangushe kidogo tu, inakatika. Wanamuziki wote waliopita mikononi mwangu walikuwa wamelegeza kwanza.

— Wangapi? aliuliza Angetile.

— Mmoja. Lakini alikuwa mwanamuziki kweli.

— Nyuzi haziguswi, alisema Mwalimu.

— Mwalimu, nakuambia…

— Nimesikia. Haziguswi.

Sanduku alikuna shavu kwa ncha ya futi.

— Kasha langu linazuia cha nje. Linalojivuta lenyewe kwa ndani mimi siwezi kulizuia.

— Tena umetufundisha wewe mwenyewe fizikia, alisema Kapteni. Kidato cha tatu. Swali la waya uliofungwa kwenye chuma na kuning'inizwa jiwe kwa muda mrefu. Ulinipa sifuri.

— Uliandika kwamba hukatika.

— Si nilikosa! Na bado unataka hili likatike?

Angetile alimjazia Mwalimu kikombe bila kuombwa. Yeye alisimama kushoto kwa gita hilo miaka kumi na moja, na alikuwa ameanza kuelewa, lakini hakutaka kulisema mbele ya wanaume.

— Baba Neema, alisema. Binti yako akifungua mfuko akakuta mbao mbili na waya, utamwambia nini?

— Sijui.

— Akilikuta zima?

Mwalimu aliweka kiganja juu ya mfuko, pale nyuzi zilipopita chini ya kitambaa, kama anayepima homa. Akilegeza, alilolifanya Felista linaisha hapa, kwenye benchi, kwa mkono wake yeye. Asipolegeza, huenda likaishia uvunguni mwa ndege, kwa mkono wa mtu asiyemjua, na gita lenyewe pamoja nalo. Tangu Jumapili alikuwa akiizungusha hesabu hiyo, na kila mara ilimrudisha pale alipoanzia.

Stumai wa maabara ya hospitali alikuwa amesimama kando muda wote akisubiri kahawa. Alikuwa na wiki mbili tu Kyela, amehamishwa kutoka Tanga, na bado alivaa viatu vya mjini.

— Shikamoo, Mwalimu. Samahani, nimewasikiliza bila kualikwa.

— Marahaba. Kijiwe hakina mwaliko.

— Nilitaka kuuliza tu. Hilo gita, kwa sasa linaliaje?

Sanduku alimtazama Angetile, Angetile akaitazama birika. Futi ilijirudisha yenyewe kwenye kibweta chake, tap.

Mwalimu alishika zipu. Ilikwama katikati, maana chuma chake kilikuwa kimeota kutu, akaivuta tena. Mbao ilitoa harufu ya ukungu. Alipiga uzi mnene kwa kidole gumba.

Sauti ilitoka chini, laini, kama kamba ya kuanikia nguo. Akapiga wa pili. Wa tatu uligonga shingo ukanung'unika. Alizipiga zote sita, akiupa kila uzi nafasi ya kumaliza alichonacho, na hakuna hata mmoja uliosema kitu ambacho Felista angekikubali.

Angetile alihamisha birika mkono wa pili.

— Si sauti yake hiyo, alisema.

— Masika yote yamepita humo ndani, Mwalimu, alisema Sanduku. Na hili joto.

Miaka ishirini na sita Mwalimu alikuwa ameliandika jambo hilo ubaoni, kila mwaka, kwa chaki nyeupe, na watoto wakalinakili.

— Gwamaka, alisema. Waya ukivutwa muda mrefu, hufanyaje?

Kapteni alisimama, bila kujua kwa nini anasimama.

— Hulegea, Mwalimu.

— Vizuri. Kaa.

Akashika ufunguo wa kwanza wa kukazia nyuzi. Haukubisha, hapakuwa na kingi kilichobaki cha kulegeza. Wa pili, wa tatu, mpaka nyuzi zote zikalala juu ya mbao. Halafu akamgeukia Stumai.

— Ndaga fijo, mwanangu, alimshukuru kwa Kinyakyusa.

— Nimekosea kitu, Mwalimu?

— Hapana. Mnywee kahawa yake, Angetile. Namaanisha, mpe.

Angetile aliinamisha birika. Yalitoka mashapo tu.

— Pima, Sanduku, alisema Mwalimu, akalinyoosha gita juu ya benchi.

Kapteni alishika ncha moja ya futi. Sanduku alivua kofia, akaiweka kando, akapima kwa mikono miwili.