Mharibifu Aliyejenga Chuo Kikuu

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo, usogee. Leo namkumbuka mtu aliyeharibu vitu makusudi. Aliharibu mizani, akaharibu pampu, akaharibu vipaza sauti. Na kwa kuharibu huko akajenga chuo kikuu. Narudia: chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, kile kile ambacho leo watoto wetu wanagombania nafasi. Mwanzilishi wake, Profesa Mharibifu, tumemzika juzi.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Alilipenda kuliko shahada zake zote.

Chuo kilianzia kwenye ghala la magunia. Bati juu, vumbi chini, ubao mmoja ukibebwa darasa hadi darasa. Profesa aliamini kwamba mwanafunzi aliyezoea mashine nzima tu, siku ikigoma ataikimbia. Basi kila wiki mwalimu mmoja aliharibu kitu kimoja kwa siri, na wanafunzi wakakitafutia ugonjwa. Mchezo huo waliuita kutega, kama kitendawili. Walioshindwa walitoa mji, yaani walifagia karakana nzima. Na Profesa aliwafundisha hivi: kabla hujauliza kitu kina nini, uliza nani alikigusa mwisho.

Nyumbani nako hakukukalika. Binti yake wa mwisho ameniambia, huku akicheka na machozi yakimtoka: "Baba alikuwa analegeza skrubu za pasi, halafu anajifanya hajui kitu. Siku alipogusa jiko, mama alimwambia, baba watoto, leo utakula hizo skrubu."

Sasa nisikilizeni. Chuo kilikuwa na kibali cha muda tu, na muda ulikuwa unakwisha. Ikaja kamati ya ithibati. Kamati ikikataa, chuo kinafungwa, wanafunzi wanarudi makwao mikono mitupu. Basi ghala likapakwa rangi upya. Kila kilichosimama kilipakwa, hata mashine.

Na hapo ndipo walimu walipofanya kosa ambalo lingeweza kufanyika chuo kile tu. Kila mmoja, kimyakimya, alitaka wanafunzi wake wang'are mbele ya wageni. Kila mmoja akaharibu kitu chake, akidhani ni yeye peke yake.

Wageni wakaingia. Mwenyekiti wa kamati akashika kipaza sauti, kimya. Akaenda kunawa, bomba kavu. Kwenye maabara, mizani ikasema kijiko kina uzito wa tofali. Walipofika karakana, jenereta iliyoendesha mashine zote za hapo ikanguruma kidogo, ikakohoa, ikazima. Mwenyekiti akafunga mkoba wake.

Profesa akacheka. Hakuweza kujizuia, jamani! Akaeleza utaratibu wao wa kutega, akaomba wanafunzi wapewe nafasi. Wakapewa. Kipaza sauti kikasema, maji yakatoka, mizani ikatubu. Kila kitu kilipopona, mwalimu aliyekiharibu alinyoosha mkono akiona aibu.

Ikabaki jenereta. Mwenyekiti akauliza nani aliiharibu. Hakuna mkono.

Makamu wa Profesa, ambaye mwenyewe amenisimulia, alimvuta Profesa koti. Akamnong'oneza aseme kwamba na hiyo imetegwa, kisha aombe ukaguzi uahirishwe mpaka kesho. Chuo kizima kilikuwa kinaning'inia kwenye jibu hilo. Profesa akamgeukia mwenyekiti, akasema: "Hii hatukuiharibu sisi, mkuu. Na sijui ina nini."

Akakaa chini. Hakuigusa. Akawaachia wanafunzi.

Wasikilizaji, ilikuwa mara ya kwanza wanafunzi wale kutafuta jibu ambalo hakuna mwalimu aliyelijua. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza akaiwasha. Ikanguruma, ikazima. Akasubiri, akaiwasha tena, ikanguruma, ikazima. Akauliza nani aliigusa mwisho. Wakamwambia ni fundi wa rangi. Akaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha tangi la mafuta. Kile kitundu kidogo cha kupitisha hewa kilikuwa kimezibwa na rangi. Hewa haiingii, basi mafuta hayashuki. Akakizibua kwa pini ya nywele. Jenereta ikawaka, ikaendelea kuwaka, na karakana nzima ikapiga vigelegele.

Mwenyekiti aliitazama ile rangi mbichi iliyopakwa kwa ajili yake. Akasema: "Kwa hiyo hii tumeiharibu sisi wageni."

Ithibati ilitoka. Nasema tena kwa furaha: ilitoka! Ghala limekuwa vitivo. Wahitimu wake wako kwenye viwanda, hospitali na mitambo ya maji. Na yule msichana wa pini ya nywele? Leo ndiye mkuu wa kitivo cha uhandisi, na kila wiki anaharibu kitu.

Kwa mjane, kwa watoto na wajukuu, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Mama, maneno uliyoniambia msibani nayafikisha kama ulivyoyasema: "Mume wangu ameharibu vitu maisha yake yote. Hakuniachia hata kimoja kibovu."

Nasi tuliobaki tujiulize tunawafanyia nini watoto wetu wadadisi. Mara nyingi tunawapiga vidole. Wasikilizaji wapendwa, mwanao akitaka kuifungua redio hii hii unayonisikilizia, usimkemee. Mpe bisibisi. Mimi nitanyamaza, nimsubiri.