Redio ya Mwalimu Taib

Jumanne, tarehe tisa Juni 1964, saa nne na robo asubuhi, redio ya skuli ilikoroma mara moja, ikanyamaza katikati ya somo. Mwalimu Taib aliibeba mwenyewe hadi ofisi ya vifaa, akaomba itengenezwe. Mwaka ukapita akienda na kurudi, hata Mungu akamchukua. Juzi ndugu yake, Abdulghafur, aliifuata redio hiyo. Akarudi mikono mitupu, akaketi barazani Kibokoni, kahawa ikimiminwa. Walikuwapo Kingi, aitwaye Wakili kwa kuwa alipata kufagia mahakama, na Dzoro, kuli wa bandari ya Kilindini, aitwaye Winchi.

— Wamekupa? aliuliza Winchi.

— Imeshapona, iko juu ya kabati. Karani asema aje kuichukua aliyeileta.

— Hukumwambia amekufa?

— Nimemwambia. Akanipa pole, kisha akataka marehemu aniandikie ruhusa.

— Sheria hiyo, alisema Wakili. Haraka haraka haina baraka.

— Mwaka mzima, Wakili. Haraka ya nani?

— Ya marehemu. Angaliingoja kwanza.

Abdulghafur aliweka kikombe chini.

— Wewe huoni mbali, Winchi alimwambia Wakili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Redio ile imeshapewa kazi.

— Kazi gani juu ya kabati? aliuliza Wakili.

— Yawasikiliza makarani, usiku yamhadithia mkubwa wao.

— Basi humhadithia mikoromo, alisema Abdulghafur.

— Mimi nawajua, alisema Wakili. Waogopa mtoto wa mtaa wa Majengo asije akaelimika, akawaondoa vitini. Hata mvua ya juzi, iliyonyesha juu ya skuli peke yake, wao ndio walioiomba.

— Mvua waliipata kwa ombi moja? aliuliza Abdulghafur.

Hapo akafika Badawi, mwalimu mgeni aliyeshika darasa la Taib. Alisalimu, akakaribishwa.

— Wazee wangu, nina swali. Watoto wasema tangu redio iondoke, marehemu alikuwa akijibanza nyuma ya ubao kila kipindi, akisoma somo kwa sauti ya redio. Wao walijua ni yeye, wakanyamaza wasimvunje moyo. Leo wameniuliza redio itasema lini tena. Niwaambie nini?

Abdulghafur alikuwa akila sahani moja na ndugu yake, na hilo hakupata kulisikia. Akainua mikono, akaomba:

Ewe Mola, mghufirie Taib, lipanue kaburi lake, ulitie nuru, na elimu aliyoifundisha uijaalie imfuate huko aliko. Amin.