Nikolausi Bura, Dereva wa Kombaini Aliyeunguzwa na Jua

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani mliotoka Gehandu, Getanuwas na hapa Tumati, mimi ni Nicodemo, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu.

Nikolausi Sebastiani Bura alizaliwa hapa Tumati tarehe 14 Aprili 1948, mtoto wa pili wa mzee Sebastiani na mama Tekla, akasoma hapahapa hadi darasa la nne, kisha akaendelea Mbulu mjini, akamaliza darasa la nane mwaka 1964. Machi 1971 aliajiriwa katika shamba la ngano la serikali kule Hanang, akaanza na trekta, na mavuno ya 1974 yalimkuta amekabidhiwa kombaini, mashine ya kuvunia ngano, kazi aliyoipenda hata likizo ikawa inamchosha. Tarehe 11 Januari 1975 alifunga ndoa na shemeji yetu Natalia, wakajaliwa Patriki, Hilaria na Fabiola.

Ugonjwa ulianza Julai 1979, wakati wa mavuno. Duka la kambi lilikuwa limeletewa sabuni ya dawa, yenye harufu nzuri, ya kuua vijidudu, wafanyakazi wakaipenda kwa sababu vumbi la ngano liliwaletea majipu. Kaka aliiogea asubuhi na jioni, akashinda juani kwenye kombaini isiyo na paa, na baada ya muda uso, shingo na mikono vikavimba, vikawasha, vikatoa maji, lakini pale shati lilipofunika ngozi ilibaki safi. Kambini wakasema ni ukoma, wengine wakasema amelaaniwa, na baba mkwe akaja kumchukua binti yake.

"Baba, nakuheshimu, lakini siendi," Natalia alimjibu. "Mimi ndiye ninayemwosha, na mikono yangu hii hapa, mizima."

Novemba 1980, katika hospitali ya rufaa, daktari alimbandika mgongoni sampuli ndogo za vitu vyote alivyokuwa akitumia mwilini, akamulika upande mmoja kwa taa, na pale sabuni ilipokutana na mwanga pakavimba.

"Bwana Bura, huu si ukoma," alisema. "Dawa iliyomo kwenye sabuni hii ikipigwa na jua, mwili wako unaikataa."

Kaka aliiacha sabuni siku hiyohiyo, lakini daktari alikuwa ameonya kwamba wachache huendelea kuunguzwa na jua hata bila sabuni, na yeye akawa mmoja wao. Februari 1981 aliacha kazi, akarudi Tumati, tukaziba madirisha kwa mbao, na Fabiola, aliyekuwa mchanga, hakuwahi kutembea na baba yake njiani mchana.

Julai mwaka huo alisikia kwamba Yoakimu, dereva mwenzake, ameanza kuvimba, na kwamba kambini hawataki kuiacha sabuni. Alisafiri hadi huko, akaomba wafanyakazi wakusanyike, akasimama juani, akavua kofia na kitambaa.

"Nitazameni," aliwaambia. "Nilipokuja hapa nilikuwa na uso kama wenu."

Wafanyakazi wakaiacha. Duka likaacha kuiuza ile sabuni, Yoakimu akapona, ndiye huyu aliyebeba msalaba leo, lakini kaka alilala kitandani hadi Septemba, na vidonda vya shingoni havikufunga tena.

Mei mwaka huu wa 1986 vidonda viliingiwa na uchafu, damu ikachafuka, akalazwa, na asubuhi ya tarehe 3 Juni akafariki, mkewe akiwa ameushika mkono wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa shamba la ngano, majirani wote, na mzee Gidahosh wa Getanuwas, aliyekuja kila kiangazi na kibuyu cha maziwa, akaketi naye gizani wakazungumza habari za ng'ombe.

Shemeji ameomba jeneza likae kivulini hadi dakika ya kulishusha, nasi tumekubali.

Pumzika, kaka, na amani ambayo mwili wako ulikunyima, Bwana akupe.