Fundi Pantaleo na Vyeti vya Mashine za Kupukuchulia Mahindi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Winifrida, binti wa marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu eti nina digrii na sina shughuli, basi nasoma wasifu wake.

Marehemu Pantaleo alizaliwa Masasi tarehe 3 Mei 1927, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akajifunza uhunzi, akaja Dar es Salaam mwaka 1949, akafungua karakana Kariakoo, na tarehe 12 Juni 1954 akafunga ndoa na Mama Benedikta, wakajaliwa Pius na mimi.

Mwaka 1970 alibuni mashine ya mkono ya kupukuchulia mahindi, akapata cheti cha ugunduzi, kwamba asiiunde mwingine bila ruhusa yake, Fundi Seifu wa mtaa wa pili akabuni meno ya mashine hiyo, naye akapata chake, na kwa kuwa kimoja bila kingine hakifai kitu, wakashitakiana miaka minne, na siku ya mwisho, nje ya mahakama, wakapigana nyundo, Seifu akampofusha Baba jicho, Pius akamvunja Seifu taya, karakana zote mbili zikafungwa, na vijijini wakaendelea kupura mahindi kwa fimbo.

Baba, bendeji ikiwa bado usoni, alimwendea Seifu akamwambia, jicho umeshachukua, bwana, chukua na cheti tufanye kazi pamoja, naye Seifu akauliza, na hili taya, nalo ni la ushirika? Kuanzia hapo vyeti vikawa vya wote, fundi yeyote aliyeleta ubunifu wake alitumia wa wenzake bila kesi, na Eliakimu wa Magomeni akaongeza gurudumu lililoifanya mashine iwe nyepesi hata kwa bibi kizee.

Kuhusu kifo, karatasi niliyopewa na Baba mdogo Eliasi inasema marehemu aliugua ghafla. Uongo, full stop. Tarehe 9 Machi 1979 mfanyabiashara mmoja aliyetaka mashine iwe yake peke yake alituma watu wenye nondo, Baba akakataa kutia sahihi ya kumwachia cheti, wakamvunja mikono yote miwili, wakampasua kichwa juu ya fuawe lake mwenyewe la kufulia chuma, akafariki tarehe 11. Na jana, maiti haijaoshwa, Baba mdogo akadai cheti akamuuzie mtu yule yule!

Mama amekataa. Cheti kinabaki kwa mafundi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kariakoo na mafundi wote, polisi tutawashukuru wakishamkamata mfanyabiashara huyo.

Fundi Seifu, Mama anaomba ushike jeneza mbele. Baba mdogo, kaa pembeni.

Baba, pumzika salama, hujauzwa.