Mulinge Maundu, Fundi wa Mbao za Mawimbi Kitengela

Bwana asifiwe, na majirani zetu Wamaasai wa hapa Mashuuru, nawasalimu kwa lugha yenu, sopa. Mimi ni Kathini, dada mkubwa wa marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu, walisema, mimi sifichi kitu, basi nisikilizeni mpaka mwisho, na wale wanaonong'onezana huko nyuma ya hema watamalizia baadaye.

Ndugu yetu Mulinge Maundu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1979 hapa hapa Mashuuru, kitinda mimba wa marehemu mzee Maundu na marehemu mama yetu Nzula, akasoma shule ya msingi hapa, akaanza sekondari mjini Kajiado mwaka 1994, akaacha kidato cha pili ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba, na hakumwekea mtu kinyongo, jambo ambalo mimi singeliweza.

Mwaka 1999 aliajiriwa Mombasa katika karakana ya mashua, akajifunza kazi ya faiba, vile vitambaa vya nyuzi za kioo vya kuzibia mashua, na huko ndiko alikozijua zile mbao ndefu ambazo watalii husimama juu yake wakiteleza na mawimbi. Aliporudi huku bara na kuhamia Kitengela, jirani yangu mlango kwa mlango, Februari 2013, wenye mbao hawakumwacha, ubao ukigonga mwamba waliufunga blanketi, wakaupakia lori, naye akautengeneza nyumbani kwake, chumba cha nyuma. Sasa fikirieni, Kitengela hakuna bahari, hata maji ya mfereji ni ya kungojea, halafu unaona wanaume wawili wakishusha kitu kirefu kama mtu, kimefunikwa gubigubi, utanyamaza? Hatukunyamaza.

Kazi yenyewe aliifanya kwa subira, aliusimamisha ubao siku nne tano mpaka maji ya chumvi yote yatoke, akakata sponji iliyooza ndani, akajaza nyingine, akalaza kitambaa cha faiba, akakipaka ile gundi kali wanayoiita rezini, na ilipokauka akapiga msasa mpaka kidole kisijue ufa ulikuwa wapi.

Alifunga ndoa tarehe 4 Desemba 2010, huko Mombasa, na Jentrix, binti wa mzee Wamalwa wa Bungoma, mwalimu wa chekechea, wakajaliwa Sheryl mwaka 2012 na Maundu mwaka 2016. Sitawadanganya, sikumpenda Jentrix, alikuwa mpole kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo mimi humchunguza.

Juni 2021, kwa sababu ya vumbi jeupe kwenye nguo zetu zilizoanikwa, na harufu, na mtu mwenyewe kufunika uso kwa kitambaa, askari wawili waliitwa, wakapasua ubao mzima wakitafuta bangi, wakakuta sponji, wakaenda zao, na Mulinge akautengeneza huo pia. Bado hatukuridhika. Bwana Parsaoti, balozi wetu wa nyumba kumi, aliandika barua ya kumtaka afunge madirisha ili vumbi lisitoke, watu kumi na mmoja wakatia sahihi, na ile ya kwanza kabisa, enyi waombolezaji, ni yangu, niliogopa jina la baba yetu lisitajwe kituoni. Ndugu yangu aliisoma mbele yangu, akanipikia chai, akapigilia nailoni madirisha yote mawili siku hiyo hiyo.

Alianza kukohoa Septemba 2023. Jentrix alimnunulia barakoa nzuri, akamsihi afungue dirisha, naye akasema amekwisha kuwapa watu neno lake. Mimi nikasema ni chakula. Jamani, nilichukua uji wa Jentrix kando ya kitanda cha mgonjwa, nikampa mbwa wa Parsaoti, mbwa akaulamba wote, na kesho yake akanifuata mpaka mlangoni kudai mwingine, na bado sikuamini.

Aliaga dunia Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, saa nne asubuhi, hospitalini. Karatasi niliyopewa nisome inasema ni kifo cha kutiliwa shaka, na wazee walikata kauli Jumanne kwamba Jentrix asitupe udongo kaburini wala asirudi katika ile nyumba. Karatasi hiyo nimeikunja. Niko na ripoti ya daktari, inasema mapafu yaliharibiwa na vumbi na mvuke wa kemikali, na daktari aliniuliza kama chumba kile kilikuwa kinaingia hewa, nikaikumbuka ile nailoni ya madirishani. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ni hii niliyovaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake waliosafiri kutoka Mombasa, na majirani wa Kitengela kwa hema na viti, barua ile ninayo, majina kumi yaliyo chini ya langu nayajua, leo sitayasoma. Jentrix, wifi yangu, simama mbele, udongo wa kwanza ni wako na nyumba ni yako, na mwenye shaka aanze na mimi. Mulinge, sikuombi msamaha hapa mbele za watu, maana najua ungenipa haraka mno. Pumzika kwa amani, ndugu yangu.