Mama Saini, Kibarua wa Miaka Kumi na Tisa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, tukae kidogo na marehemu. Leo ni Mama Saini, mfungashaji wa kiwanda cha sabuni. Kibarua wa miaka kumi na tisa. Narudia, hata anayeosha vyombo asikie: kibarua, miaka kumi na tisa.

Iliwezekanaje? Kiwanda kina mtindo wake. Kila baada ya miezi mitatu, Ijumaa, vibarua wanaachishwa kazi. Jumatatu wanaandikwa upya langoni, kama wageni. Kwa hiyo hakuna anayefikisha muda wa kuwa mfanyakazi wa kudumu.

Jina la Saini alilipata kwa daftari lake. Alizunguka akikusanya saini za kudai kima cha chini kipya cha mshahara. Kwenye foleni ya choo, msibani, popote. Watu walifika mahali wakimwona na kalamu wanabadili njia. Akapata saini mia nne, na mwajiri akanywea. Aliwaita viongozi wa chama cha wafanyakazi akawaambia kima kipya amekikubali, ila kwa wa kudumu tu.

Kura ya kuukubali au kuukataa mpango huo ikapigwa ukumbini. Vibarua hawakuruhusiwa kuingia, wakasimama nje madirishani. Mdogo wake, aliyekuwa wa kudumu na akifungasha naye meza moja, ametuambia: "Niliinua mkono. Dada alikuwa dirishani, ananiangalia. Nina watoto wanne, ningefanyaje?"

Nyumbani Mama Saini hakumgombeza. Alimwambia tu, "Hata mimi ningeinua."

Tangu siku hiyo, meza moja, sabuni zilezile, mdogo mtu akapokea mara mbili ya dada yake. Mara mbili, wasikilizaji. Katibu wa chama akawaambia vibarua wavute subira, zamu yao inakuja. Huu ni mwaka wa saba, na mimi inanichoma.

Moyo wake ulisimama Jumapili. Ijumaa alikuwa ameachishwa, Jumatatu angeandikwa. Mdogo wake alikwenda kuomba jeneza ambalo kiwanda huwapa wafiwa. Karani akafungua kitabu, akamjibu kwamba siku ile marehemu hakuwa mfanyakazi wao. Na kitabu hakikukosea.

Tunaipa pole familia, hasa wewe mdogo wake. Najua unajilaumu, na sina maneno ya kukuondolea hilo.

Chama nacho kimetuma rambirambi. Nasoma kama ilivyoandikwa: "Tumempoteza mwanachama wetu shupavu." Wapendwa, kadi ya chama hupewa wa kudumu peke yao. Mama Saini aliiomba mara tatu. Mara zote tatu walimnyima. Wewe uliyeongezwa mshahara kwa saini zake, litafakari hilo leo.